Mama ana miaka 86 na anautaka ukindu wake: tumpe au tumpumzishe?

"Daktari, shikamoo. Mimi ni binti wa tatu wa mama yangu, mtu wa Makunduchi, Unguja. Cheti cha kuzaliwa hana, ila anasema Vita vya Ng'ombe, zile ghasia za Unguja za mwaka 1951, vilimkuta kigori, kwa hiyo tunamkisia miaka 86. Maisha yake yote amesuka ukili, ule utepe wa ukindu, yaani majani ya mkindu, na kushona mikeka, na mpaka mwaka jana alikuwa akibuni nakshi mpya ambazo wenzake walikuja kuziiga, ingawa siku za mwisho zambarau na nyeusi alikuwa anazichanganya. Ramadhani iliyopita alianguka usiku akienda chooni. Hakuvunjika. Sisi watoto tukakubaliana kwamba sasa basi, tukamleta Dar es Salaam. Tumemnunulia kochi zuri, binti wa kazi yupo, hanyanyui hata kikombe. Ukindu na shazia, ile sindano ya kushonea mikeka, tumeviacha kule kule. Ajabu ni kwamba badala ya kunawiri, anaisha. Ni miezi mitano sasa: kuinuka mpaka avutwe mkono, mchana kutwa anasinzia, hazungumzi, majina ya wajukuu anayapotosha. Akifungua mdomo anauliza, 'Ukindu wangu uko wapi?' Presha anayo, anameza vidonge viwili, kimoja kinamwendesha haja ndogo. Tunampa vyote usiku baada ya kula ili visisahaulike. Kaka yangu anasema huo ni uzee tu. Wifi anataka atundikiwe dripu ya nguvu. Mimi naogopa tukimrudishia kazi tutamuua, na tusipomrudishia naona anatutoka hivi hivi. Je, ubongo wake umeanza kuisha?"

Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: mkeka uliomwangusha mama yako. Sikuuona. Alianguka usiku, gizani, ametoka kitandani kwa haraka ya mkojo, na tumboni mna vidonge viwili vya presha alivyomeza saa chache nyuma. Lakini adhabu ikapewa ukili.

Sikulaumu. Mtoto akimwona mama yake chini, jambo la kwanza linalomjia ni kumlea kama yai. Na umeniuliza kana kwamba njia ni mbili tu, kazi imuue au mapumziko yammalize. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu hapa pamechanganyika mambo manne au matano ambayo kila moja lina dawa yake, na mengine hayahusiani kabisa na uzee.

Kabla ya ukili, lipo la haraka. Mtu wa umri huu akianguka na kugonga kichwa, hata kidogo, damu inaweza kuvuja polepole kati ya ubongo na fuvu. Ubongo hunywea kidogo kadiri miaka inavyokwenda, vimishipa vinavyouunganisha na utando wake hubaki vimevutika, na mtikisiko mdogo huweza kuvikata. Siku ya kwanza mgonjwa haonyeshi kitu. Wiki kadhaa baadaye, mara nyingine miezi, anaanza kusinzia, kuchanganya maneno, kuumwa kichwa au kulegea upande mmoja. Sisemi kwamba mama yako ana hilo, sijamwona. Ila kusinzia kutwa baada ya kuanguka si jambo la kufungwa kwa neno "uzee". Mpelekeni hospitali wiki hii, mtaje lini alianguka, na muulize kama anahitaji kipimo cha CT cha kichwa. Hapo hapo apimwe sukari, wingi wa damu, mkojo, tezi ya shingo, figo na chumvi za mwilini. Vidonge vinavyoongeza mkojo huweza kushusha chumvi ya sodiamu, na mzee ambaye sodiamu yake imeshuka husinzia na kupotosha majina sawasawa na ulivyoeleza. Na ikitokea amechanganyikiwa ghafla, leo mzima kesho hajui alipo, au ametapika, au mkono umelegea, hapo msingoje wiki. Ni siku hiyo hiyo.

Sasa hicho kilichomwangusha. Tunapoinuka kutoka kitandani, damu huteremka miguuni, na mwili wa kijana hubana mishipa mara moja ili kichwa kisikose damu. Mwili wa mzee hufanya hivyo kwa kuchelewa, na dawa za presha huuchelewesha zaidi. Matokeo yake ni sekunde chache za kizunguzungu, na hizo zinatosha. Kipimo chake hakina gharama: alale dakika tano, apimwe presha, asimame, apimwe baada ya dakika moja na tena baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mmeshapata mshukiwa. Dawa msizikate wenyewe, maana presha iliyoachwa huru inapasua mishipa ya ubongo. Mwulizeni daktari aliyeziandika kama kile cha mkojo kinaweza kuhamia asubuhi, na kama dozi bado inamfaa mtu mwenye uzito alio nao leo. Usiku pawe na taa ndogo njiani, kanga isiburure, ndara zilizolegea ziende jalalani, na akiamka akae ukingoni mwa kitanda mpaka ahesabu ishirini. Mambo haya manne yangelimkinga kuliko kochi lolote.

Nije kwenye kochi. Misuli haina akiba kama ya benki. Usipoitumia, mwili unaivunja na kutumia mali yake kwingine, na mzee huipoteza upesi na kuirudisha kwa taabu. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa watu wazima wenye afya, wastani wa miaka 67, waliolazwa kitandani siku 10 tu bila ugonjwa wowote. Walipoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Siku kumi! Mama yako hajalazwa kitandani, anatembea kidogo, lakini ana miaka karibu ishirini zaidi ya hao na ni miezi mitano. Ile nguvu ya kuinuka ambayo sasa mpaka avutwe mkono haikuondoka kwa uzee peke yake. Sehemu yake kubwa, kwa maoni yangu, imebaki kwenye yale mapumziko.

Habari njema ni kwamba inarudi, hata kwa wakongwe. Mwaka 1990 watafiti wa Boston waliwachukua wazee kumi wa nyumba ya kutunzia wazee, wastani wa miaka 90, wengine wakitembea kwa mikongojo, wakawafanyisha mazoezi mazito ya miguu kwa wiki nane. Nguvu ya miguu iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani ikakaribia mara tatu ya walivyoanza. Walipoacha, ndani ya wiki nne ilikwisha anza kushuka. Kundi lilikuwa dogo, na walisimamiwa na wataalamu, kwa hiyo usichukue namba hiyo kama ahadi kwa mama. Ichukue kama jibu kwa kaka yako: misuli ya miaka 90 bado inasikia ikiambiwa.

Hapa kuna kitu ambacho nyinyi wa mjini mmekisahau. Msuka ukili hukaa chini, kanyoosha miguu, mgongo wima, na kwa siku moja huinuka mara ngapi? Kuzima jiko, kumfukuza kuku, kuitika hodi, kuswali, kufuata chane za ukindu zilizoanikwa uani. Kila mara anainua mwili wake wote kutoka sakafuni, jambo ambalo vijana wengi wa ofisini siku hizi hawaliwezi bila kushika meza. Mama yako kafanya zoezi hilo miaka sabini bila kulipa chumba cha mazoezi. Mkalibadilisha na kochi laini lenye kina, ambalo hata mimi nikizama ndani yake natafuta msaada.

Hata hivyo msimrudishe sakafuni kesho. Miguu iliyolegea miezi mitano itamwangusha. Aanze na kiti cha mbao kisicholegea, kimo cha goti lake, kimeegemezwa ukutani. Ainuke na kukaa mara tano, mikono ikisaidia mwanzoni, asubuhi, mchana na jioni, mtu akiwa karibu bila kumvuta. Baada ya wiki mbili tatu apunguze mikono. Ashike ukingo wa meza na kusimama kwa visigino na vidole, kisha mguu mmoja mbele ya mwingine, kwa ajili ya usawa wa mwili. Akishaimarika ndipo kigoda, na mwisho mkeka chini, huku akijifunza kuinuka kwa kugeuka kwanza na kupiga magoti, ameshika kiti. Ukimpata mtaalamu wa fiziotherapia aje nyumbani hata mara mbili, fedha hiyo ni bora kuliko ya dripu. Kuna wazee ambao sakafu si yao tena, wenye nyonga ya bandia au magoti yaliyokwisha kabisa. Hao husuka kitini na hakuna aibu yoyote.

Dripu nayo niimalize hapa. Ndani yake mna maji, chumvi, pengine sukari kidogo na vitamini inayoupa mkojo rangi. Kwa asiyepungukiwa maji haiongezi nguvu, na kwa mzee mwenye presha inaweza kuujaza moyo. Kinachojenga misuli ni chakula cha kujenga mwili pamoja na kazi. Wazee wetu wengi huishi kwa chai, mkate na uji. Mzee mwenye figo nzima anahitaji kama gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Akiwa na kilo 50, ni gramu 50 hadi 60 kwa siku. Yai moja lina kama 6, kipande cha samaki cha gramu 100 kama 20, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15. Kwa hiyo supu ya changu asubuhi si anasa. Kama figo zina hitilafu, daktari atampangia kiasi.

Umeuliza kuhusu ubongo. Jibu langu la kweli ni kwamba kwa barua siwezi kujua, na sasa hivi hata daktari aliye mbele yake asiharakishe kusema, mpaka yale ya damu, chumvi na dawa yaondolewe. Ninachoweza ni kukueleza tofauti. Kasi ya akili hupungua kwa kila mtu akizeeka: jina linachelewa, hesabu inachukua muda. Lakini ghala la maneno na ujuzi wa mikono hudumu sana, na kwa wengi huzidi kunona mpaka ukongweni. Ndiyo maana mzee anayesahau jina la mjukuu aliyezaliwa juzi anaweza kukutungia nakshi ambayo wewe huwezi hata kuihesabu. Ng'ombe hazeeki maini. Ugonjwa wa kusahau ni kitu kingine: mtu anapotea njia aliyoipita miaka yote, anasahau kwamba amekula, anashindwa hatua za kazi aliyoijua. Mpe ukindu kidogo umwangalie. Akianza ukili vizuri, akahesabu chane zake, akakosoa za kwako, umepata habari kubwa. Asipojua aanzie wapi, nayo ni habari, na daktari aambiwe.

Kisha kuna sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Kwa wazee mara nyingi haina machozi. Inakuja kwa ukimya, usingizi wa mchana na chakula kilichobaki sahanini, na kila mtu anasema mama katulia. Mama yako ndani ya wiki moja alipoteza nyumba, majirani, kazi, fedha yake mwenyewe, na hata Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka ya kwao, mwaka huu umempita yuko Dar. Fedha usiidharau. Pensheni Jamii inayotolewa Zanzibar tangu 2016 kwa waliofika miaka 70 ni jambo jema, lakini si sawa na noti iliyotoka kwenye mkeka wako, ambayo unamtunza nayo bi harusi na hakuna anayekuuliza umeipata wapi. Sonona ina tiba. Itajeni hospitalini kwa jina lake.

Macho. Kuchanganya zambarau na nyeusi, kwa umri huo, mimi moja kwa moja nafikiria mtoto wa jicho. Lenzi ya jicho hugeuka manjano, kisha hudhurungi, na rangi za upande wa buluu ndizo za kwanza kuzama. Mchoraji Mfaransa Claude Monet yalimpata hayo hayo. Ilifika mahali akawa anachagua rangi kwa kusoma maandishi ya kwenye mirija yake na kwa kukumbuka mpangilio wake kwenye ubao. Alikataa upasuaji miaka mingi kwa hofu, akakubali mwaka 1923 akiwa na miaka 82, akaendelea na michoro yake mikubwa ya mayungiyungi mpaka karibu na kifo chake mwaka 1926, akiwa na miaka 86, umri mnaomkisia mama yako. Siku hizi upasuaji huo ni wa muda mfupi, jicho hufishwa ganzi, na jioni mgonjwa hulala kwake. Pengine nakshi za mama zilikuwa hazichakai, zilikuwa hazionekani. Masikio nayo yapimwe, na iangaliwe kama yamezibwa na nta; anayesikia nusu huacha kuzungumza.

Sitakudanganya kwamba kusuka kunazuia ugonjwa wa kusahau. Hakuna aliyethibitisha hilo kwa ukili wala kwa kitu kinachofanana nao. Jopo la jarida la tiba la Lancet lilitaja mwaka 2024 mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa huo na ambayo yanaweza kurekebishwa, na ukiyasoma utaona presha, usikivu, macho, kukaa bila kujishughulisha na upweke. Hayo matano yote yamo sebuleni kwenu. Ukili unagusa mawili, mengine yanataka hospitali.

Watu wa Unguja hatuzungumzi kazi na ukongwe dakika mbili bila kumtaja Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, binti wa muuza nazi, mwimbaji wa taarab aliyepewa tuzo ya muziki ya WOMEX mwaka 2005 na kuendelea kupanda jukwaani mpaka miaka yake ya mwisho. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013, na umri wake hakuna aliyeujua kwa hakika. Simtaji ili umpimie mama yako kwa pishi lake. Bibi yule alikuwa akivuta sigara hadharani, na hilo halifanyi sigara kuwa dawa. Namtaja kwa sababu ya unyago. Palikuwa na mwari ndani anayengoja kufundwa, na ngoma inayomngoja yeye aipande. Aliitwa, akaenda. Huko Makunduchi wanawake walikuwa wanakuja kwa mama yako kuiga nakshi, na huko Dar nani anamngoja?

Swali hilo ndilo linalonitia shaka na wazo la kumwekea ukindu kwenye kona ya fleti na kumwacha peke yake. Ukili ni kazi ya barazani. Husukwa na maneno, utani na habari za watu. Mkiweza, mrudisheni Makunduchi akishapimwa na miguu ikishika, awepo ndugu anayelala naye, choo kikaribiane na chumba. Gharama yake ni kwamba hospitali kubwa iko mbali na nyinyi mtalala na wasiwasi. Akibaki Dar mtakuwa karibu naye, na mtalipa kwa kumtafutia watu: mjukuu wa kufunzwa, jirani mwenye asili ya kisiwani, msikiti wenye kikundi cha kina mama. Wapo wanaogawa mwaka, kiangazi kule, masika huku. Mimi ningeanza na Dar kwa miezi miwili mitatu ya kurudisha nguvu, kisha nyumbani. Lakini mimi si niliyehojiwa. Katika barua yako watoto wamesema mengi, na mama maneno manne tu. Mwulizeni, na mmngoje ajibu kwa kasi yake.

Kuhusu kazi yenyewe, si lazima irudi kama ilivyokuwa. Mpiga piano Arthur Rubinstein, aliyepiga hadharani mpaka akakaribia miaka 90, aliulizwa anawezaje. Alieleza kwamba amepunguza idadi ya vipande anavyopiga, anavifanyia mazoezi zaidi, na kabla ya sehemu ya kasi hupunguza mwendo ili ile kasi isikike kuliko ilivyo. Ujanja huo unakwenda na ukili pia. Mkeka mkubwa uwe msala au kipepeo cha kupepea, nakshi ibaki yake. Kuchemsha rangi kwenye moshi na kuchana ukindu wafanye wajukuu. Ukindu uloweshwe vizuri usimkate vidole. Asuke nusu saa, ainuke, anyooshe mikono, arudi akitaka. Vidole vikiuma asubuhi maji ya vuguvugu husaidia, na parasetamoli kwa kipimo ni salama kwa wengi. Diklofenaki za dukani mziache kabisa, zinapandisha presha na kuharibu figo. Kiungo kikivimba na kuwa cha moto, aonwe.

Shazia iagizeni leo. Ukindu msimnunulie nyinyi. Mpigieni simu yule mwenzake anayesuka naye, mumpe mama azungumze mwenyewe, aseme anautaka urefu gani na weupe gani. Wewe ukienda sokoni utauziwa uliokomaa, halafu atausukuma pembeni, na mtaniandikia tena kwamba mama amekataa kazi.